Maswali ninayoulizwa kila nikiweka ngumi za George Foreman bandani

Nina banda umiza Mabatini hapa Mwanza, siku ambazo hakuna mpira wa maana naweka ngumi za zamani na mi ndo natafsiri kwa maiki. Sasa tangu nianze kuweka za Foreman, yule bondia wa Marekani wa uzito wa juu, imekuwa shida, watu wanauliza maswali katikati ya raundi, nikimjibu mmoja mwingine anauliza lile lile, nikigeuka kwenye skrini mtu keshalala chini na sijatangaza. Nimeamua kuandika majibu yote hapa. Ukiniuliza tena nakutumia hii kwenye simu, tusilaumiane.

Huyu mzee mwenye upara anayecheka ndo Foreman yule yule wa Kinshasa?

Ndio. Ni yule yule aliyepigana na Muhammad Ali Kinshasa 1974, na hili ndo swali namba moja. Kuna mzee mmoja mvuvi wa Mwaloni, mteja wangu wa siku nyingi, mpaka leo anabisha. Anasema Foreman wa 1974 alikuwa na afro, uso umenuna kama mtu anayedaiwa, haongei na mtu, afu huyu wa 1994 ni kipara, kitambi, anatania watu, haiwezekani. Nimemwonyesha picha, nimemwonyesha tarehe, anasema picha siku hizi zinatengenezwa.

Mi namwelewa lakini. Ni kweli kama watu wawili. Na maoni yangu, nayasema mapema ili unitukane mapema, ni kwamba yule wa pili ndo alikuwa bondia zaidi. Wa kwanza alikuwa na nguvu tu. Soma mpaka chini ndo ubishe.

Alizaliwa wapi?

Marshall, Texas, tarehe 10 Januari 1949, akakulia Houston mtaa unaitwa Fifth Ward, uswazi wa kule. Mama yake Nancy Ree alilea watoto saba na hela ilikuwa ya mawazo. Aliyemlea kama baba ni J.D. Foreman, ndo jina alilobeba, ila baba wa damu alikuja kujua ukubwani kwamba ni mtu mwingine. Shule aliacha, akawa kibaka kabisa, mwenyewe hakuwahi kuficha, anasimulia kuna siku alijificha uvunguni mwa nyumba akajipaka tope ili mbwa wa polisi wasimnuse.

Aliingiaje kwenye ngumi?

Alienda Job Corps 1965, ana miaka 16. Hiyo ilikuwa programu ya serikali ya Marekani ya kuchukua vijana waliokwama na kuwafundisha ufundi, chukulia umechanganya VETA na JKT. Akawa anapiga wenzake kambini, mwalimu mmoja anaitwa Doc Broaddus akamwambia kama unapenda sana kupigana njoo upigane na watu wanaojua. Pambano la kwanza la ridhaa ni mwanzoni mwa 1967. Oktoba 1968 yuko Mexico City anavaa dhahabu ya Olimpiki uzito wa juu, kampiga Mrusi, au niseme mtu wa Muungano wa Kisovieti maana kwao ni Lithuania, Jonas Čepulis, raundi ya pili refa akasimamisha. Yani hata miaka miwili haijaisha. Dogo ana 19.

Kwa nini watu weusi wenzake walimkasirikia baada ya ile dhahabu?

Sababu ya kibendera. Olimpiki ile ile, siku chache kabla, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos walisimama jukwaani wakainua ngumi zenye glavu nyeusi kupinga ubaguzi, wakafukuzwa kwenye timu. Foreman yeye akashinda akatoa kibendera kidogo cha Marekani akakipunga ulingoni na kuinamia watu kila upande. Basi ikasomwa kwamba huyu yuko upande wa wenye nchi. Yeye maelezo yake siku zote ni kwamba alikuwa na furaha, na kwamba ile serikali ndo iliyompa chakula na kitanda Job Corps wakati hana kitu. Mi sioni kosa hapo, mtu aliyelala njaa anashukuru aliyempa ugali. Ila kumbuka hiki kibendera maana miaka sita baadaye kitamfuata mpaka Kinshasa.

Uzito wa juu ni kilo ngapi?

Siku hizi ni kuanzia zaidi ya kilo 90 na pointi saba hivi, juu hakuna kikomo. Zamani ilianzia chini ya hapo. Foreman wa Kinshasa alikuwa na kilo kama 100. Aliporudi 1987 alipanda mzani ukasoma kama 121.

Ni kweli alimwangusha Frazier mara sita?

Mara sita, raundi mbili. Kingston, Jamaica, 22 Januari 1973. Na Frazier sio mtu wa kuokoteza, alikuwa bingwa, hajawahi kupigwa na mtu, keshampiga hadi Ali 1971. Watu wengi walijua Foreman anaenda kufundishwa adabu. Kuna ngumi moja ya kutokea chini inamnyanyua Frazier miguu inaacha sakafu, nikifika hapo huwa narudisha nyuma mara tatu, banda zima linapiga kelele hata majirani wanajua nimeweka ipi.

Baada ya hapo akampiga José Roman Tokyo raundi ya kwanza, afu Ken Norton Caracas Machi 1974 raundi ya pili. Huyo Norton alishamvunja taya Ali. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, waliomsumbua Ali wote wawili, Foreman kawamaliza kwa jumla ya raundi nne. Ndo maana kabla ya Kinshasa kuna watu walikuwa wanaogopa Ali atauawa, sio kushindwa, kuuawa.

Haya tuelezee Kinshasa yote.

Yote siwezi, ila sawa.

Tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman ana miaka 25, kapigana mara 40 kashinda zote, 37 kwa KO, yani hazikufika kwa majaji. Ali ana 32, watu wanasema kazeeka. Promota Don King aliwaahidi kila mmoja dola milioni 5 bila kuwa nazo mfukoni, akazipata kwa Rais Mobutu aliyetaka dunia ijue kuna nchi inaitwa Zaire, Kongo ya leo. Hela za shaba zile, za wananchi. Huku kwetu mwaka ule ule watu wanahamishwa kwenye Operesheni Vijiji na mvua haikunyesha vizuri, baba yangu anakumbuka unga wa njano, na jirani hapo mtu anawalipa mabondia wawili milioni kumi za dola. Haya tuendelee.

Lilipangwa Septemba 25 ila Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa wiki tano. Tamasha la muziki halikusogezwa, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley wote wakapiga Septemba (wazee wa rumba hapa bandani wanaona hilo ndo lilikuwa tukio lenyewe, ngumi zilikuwa nyongeza). Zile wiki Ali alizitumia kutembea, kubeba watoto, kuongea na watu. Foreman alijifungia. Na kosa kubwa, alishuka nchini na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, aina ile ile ambayo polisi wa Mbelgiji walikuwa wanawafukuzia nayo watu enzi za ukoloni. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Mkongo akimwona Foreman na yule mbwa anakumbuka kiboko, basi Ali akawa mtoto wa nyumbani na Foreman akawa mzungu mweusi, ongezea na kile kibendera cha 1968.

Pambano lilianza saa kumi alfajiri ya kule ili Wamarekani waone usiku kwao. Huku Mwanza ilikuwa inaingia saa kumi na mbili asubuhi, TV bara hatuna, watu ni redio. Yule mzee wangu wa Mwaloni anasema walikuwa wanarudi na mitumbwi kutoka kuvua dagaa, karabai zimezimwa, mtu kaweka redio ya betri kwenye gunia isilowe, wakasikia taarifa wakiwa bado majini, na wakaacha kupiga kasia. Mi nilikuwa sijazaliwa ila hiyo sehemu nikiisikia huwa naona kama nilikuwepo.

Raundi ya kwanza Ali alimshtua na ngumi za kulia za moja kwa moja. Kuanzia ya pili akaegemea kamba, akafunika uso, akamwachia Foreman apige. Kona ya Ali wanamfokea atoke, hatoki. Foreman anapiga mbavu, mikono, mabega, kila ngumi anaitoa toka Texas, na joto la Kinshasa lile, na Ali anamsemesha tu sikioni kwamba mbona waliniambia unapiga kwa nguvu. Foreman alikuja kusimulia kwamba alimtandika ngumi ya mbavu iliyokamilika kabisa, Ali akamuuliza ndo hiyo tu, na yeye moyoni akajibu, ndio, ndo hiyo tu. Raundi ya nane, zimebaki sekunde chache kengele igonge, Ali akachomoka kwenye kamba, kushoto, kulia, Foreman akazunguka kama mti unaokatwa na kwenda chini. Refa Zack Clayton akahesabu. Kwisha.

Kamba si zililegezwa? Na yale maji?

Haya maneno yapo. Wengi walimshika Angelo Dundee, kocha wa Ali, kwamba alilegeza kamba ili Ali aegemee mbali na ngumi. Dundee alikataa mpaka mwisho, alisema joto lilizilegeza na yeye alijaribu kuzikaza. Maji ni Foreman mwenyewe, kwenye kitabu chake alidai kabla ya pambano kocha wake alimpa maji yakawa na ladha ya dawa. Kwa miaka ya mwanzo alikuwa na visingizio hivi vingi, kamba, maji, refa kahesabu haraka, baadaye alipokuwa mtu mzima akaacha akawa anasema nilipigwa.

Mi nikiangalia sioni maji wala kamba, naona mtu ambaye kila pambano linaisha raundi ya pili na hajajiandaa kwa ya sita. Ukiwa unavua kwa siku moja tu na kila siku unapata, hutabeba chakula cha siku mbili.

Ile "Ali boma ye" waliyokuwa wanaimba Kinshasa maana yake nini? Boma la ng'ombe?

Hapana ngosha, sio boma la ng'ombe, kile ni Kilingala, maana yake Ali muue. Dogo mmoja alikuwa anaamini wanasema Ali bomoa, nikamwacha, kwani imekosea wapi?

Ali alishawahi kufika Bongo?

Alifika Dar Februari 1980, ila haikuwa nzuri. Alitumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zigomee Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere akaona hii dharau, jambo la nchi unamtuma bondia, hakuonana naye. Na Tanzania tukaenda Moscow kama kawaida na tukarudi na fedha mbili, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na Nyambui ni mtu wa huku huku ziwani, Majita, kwa hiyo sisi watu wa kanda ya ziwa hatuna deni na Carter. Tumetoka nje ya mada, turudi.

Baada ya Kinshasa alifanya nini?

Alichanganyikiwa. Mwaka mzima hakupigana la maana, 1975 Toronto akapanga watu watano siku moja, mmoja baada ya mwingine, na Ali yuko pembeni ya ulingo anamzomea. Ilikuwa aibu, mtu mzima unapigana na watu watano kuthibitisha nini. Januari 1976 akapigana na Ron Lyle Las Vegas, hilo ndo pambano tamu kuliko yote aliyopigana, wanaangushana kama walevi, Foreman chini, Lyle chini, Foreman chini tena, mwisho Lyle hakuamka raundi ya tano. Afu akampiga Frazier mara ya pili, raundi ya tano.

Kwa nini aliacha ngumi ghafla?

Machi 1977, San Juan, Puerto Rico. Jimmy Young, bondia mjanja asiye na ngumi nzito, alimzungusha raundi 12 kwenye joto akamshinda kwa pointi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Foreman akaanguka. Yeye anasema alikufa, alijiona mahali pa giza tupu hakuna kitu, akamwita Mungu, akarudi anapiga kelele kwamba anaona damu ya Yesu mikononi. Daktari atasema ni joto na maji kuisha mwilini. Ila ukweli ni kwamba aliyeingia kile chumba hakutoka tena. Akaacha mamilioni, akawa anahubiri kwenye kona za barabara Houston, baadaye akawa mchungaji wa kanisa lake dogo, akafungua kituo cha vijana. Miaka kumi. Anasema miaka yote hiyo hata ngumi hakukunja.

Yule mzee wa Mwaloni hapa ndo anasema umeona, yule wa kwanza alikufa 1977. Sina la kumjibu, maana Foreman mwenyewe alikuwa anasema hivyo hivyo.

Sasa kama kaokoka alirudi kufanya nini?

Hela ya kituo cha vijana iliisha. Alienda kuomba michango, akajisikia vibaya kusimama mbele za watu anaombaomba, akasema mi najua njia ya kupata hela. Machi 1987, ana miaka 38, kipara, kilo 121, Sacramento, akampiga Steve Zouski. Watu walicheka. Magazeti yalisema anapigana na wauza mkaa, na kweli wengi walikuwa hovyo, yeye mwenyewe alikuwa anajitania kuhusu kula kwake baga. Ila akashinda 24 mfululizo, Januari 1990 akamzima Gerry Cooney raundi ya pili na hapo kicheko kikapungua.

Aprili 1991 akapewa Evander Holyfield, ubingwa wa dunia, Foreman ana 42. Alishindwa kwa pointi ila alimaliza raundi 12 kwa miguu yake na kati ya raundi alikuwa hakai kwenye kistuli, anasimama. Yule wa Kinshasa aliyeisha pumzi raundi ya tano na miaka 25! Hapa ndo hoja yangu ilipo. Huyu mzee alikuwa anatembea taratibu, mikono kaipishanisha mbele ya uso na kifua kama mtu amekumbatia mto, kushoto inanyooka tu, tap, tap, tap, hana haraka na mtu. Alijua kupumua. Alijua kwamba ngumi nzito haiozi, unaweza kuitunza mpaka raundi ya kumi.

Unasema raundi ya kumi, ndo ile ya 1994?

Ndo hiyo. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas. Michael Moorer ana miaka 26, hajapigwa na mtu, keshampiga Holyfield. Foreman ana 45. Shirika la ngumi la WBA lilikuwa halitaki kulitambua pambano, ikabidi aende mahakamani kudai haki ya kupigana. Akavaa bukta ile ile nyekundu aliyovaa Kinshasa, imembana. Na kwenye kona yake nani yupo? Angelo Dundee. Yule yule wa kamba!

Raundi tisa anapigwa. Sipambi, anapigwa kweli, uso umevimba, majaji wote watatu wamempa Moorer. Kona ya Moorer inamwambia usisimame mbele yake, sogea, dogo hasikii, anaona mzee kaisha. Raundi ya kumi Foreman anatupa kushoto, kulia, sio kali sana, kama anapima, afu kulia moja fupi ya kidevuni. Moorer alikaa chini kama mtu aliyeambiwa kiti kipo na hakipo. Foreman akaenda kwenye kona akapiga magoti akasali.

Miaka 20 na siku sita tangu Kinshasa. Mpaka leo ndo bingwa mzee kuliko wote wa uzito wa juu.

Siku ya kwanza naionyesha hii umeme ulikatika raundi ya saba. Watu wanataka kiingilio chao, wanasema mzee kashapigwa hapo hakuna kitu, kama kumi wakaondoka na mia tano zao. Umeme ulirudi baada ya nusu saa, waliobaki walikuwa wanapiga kelele mpaka walioondoka wakarudi kuuliza kumetokea nini, sikuwarudishia nyuma hata sekunde.

Baada ya hapo alipigwa tena?

Aprili 1995 alipewa ushindi dhidi ya Mjerumani Axel Schulz na mi nakwambia wazi alibebwa, Schulz alishinda lile. Mikanda akavuliwa kwa sababu ya kutopigana na waliopangwa. La mwisho ni Novemba 1997, Shannon Briggs, akiwa na 48. Majaji wakampa Briggs na watu wengi waliona hapo ndo kaonewa, kwa hiyo ya Schulz ililipwa. Rekodi yake yote: mapambano 81, kushinda 76, kwa KO 68, kushindwa tano. Waliomshinda ni Ali, Young, Holyfield, Tommy Morrison na Briggs, na aliyemlaza KO ni Ali peke yake.

Angekutana na Tyson?

Hawakukutana. Tyson ndo bingwa mdogo kuliko wote wa uzito wa juu, miaka 20, mwaka 1986, Foreman ndo mzee kuliko wote, kwa hiyo kitabu cha rekodi kinaanza na mmoja kinaisha na mwingine. Ukinilazimisha nasema Foreman, maana wafupi wanaokuja mbele wameinama alikuwa anawapenda, muulize Frazier. Ubishi wa hili ufanyike nje, kuna watu walishavunja benchi langu.

Lile jiko la umeme lenye jina la Foreman ni lake kweli au walitumia jina tu?

Jina na uso, hakuligundua yeye. Kampuni ya Salton ilileta jiko linalobana nyama juu na chini, limeinama ili mafuta yachuruzike. Anasimulia kwamba yeye hakulijali, mke wake Mary ndo alilijaribu akamwambia saini. Yaliuzwa zaidi ya milioni 100, na 1999 Salton wakamlipa dola milioni 137 na nusu ili wamiliki jina moja kwa moja. Kwenye ngumi zote alizopigwa na kupiga hakupata hela hiyo. Mi sijawahi kulitumia na sidhani kama sato wetu anaingia mle na kichwa chake, na sato bila kichwa mi sili.

Ni kweli watoto wake wote wanaitwa George?

Wavulana watano wote ni George Edward Foreman. Wanatofautishwa kwa namba na majina ya utani, kuna Monk, Big Wheel, Red, Little Joey. Binti mmoja ni Georgetta. Jumla watoto 12. Sababu aliyokuwa anaitoa ya utani ni kwamba ukishapigwa kichwani na akina Ali, Frazier na Holyfield jaribu wewe kukumbuka majina mengi. Ya kweli zaidi ni kwamba alitaka wawe na kitu kimoja kinachowafunga, akizingatia yeye alikuja kujua baba yake ukubwani. Hapa Mwanza isingekuwa ajabu, ita Masanja sokoni uone wangapi wanageuka. Monk alipigana ngumi za kulipwa mara 16 akashinda zote akaacha. Binti yake Freeda naye alipigana, alifariki 2019.

Ali na Foreman walikufa maadui?

Kabisa hapana. Walikuwa marafiki wa kupigiana simu. Mwaka 1997 filamu ya pambano la Kinshasa ilipata Oscar, wakaitwa jukwaani, Ali anatetemeka na ugonjwa wa Parkinson, Foreman akamshika mkono akampandisha ngazi. Hiyo ninayo kwenye flashi, ni fupi, huwa naiweka mwisho wakati watu wanatafuta kandambili zao, na ndo wakati pekee banda linanyamaza bila mi kuomba. Ali alifariki Juni 2016. Foreman 21 Machi 2025, Houston, miaka 76.

Mi nina kilo 95, niko Igoma, naweza kuwa Foreman?

Hili linaulizwa sana na vijana wa bodaboda. Mdogo wangu, kilo sio shida, shida ni nani utapigana naye. Mabondia wetu wanaofanya vizuri wako uzito wa chini, angalia Mwakinyo alivyoenda Birmingham 2018 akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, ule ni uzito wa kilo kama 70. Wa kilo 95 wazuri ni wachache, utakaa miezi unatafuta mtu wa kufanya naye mazoezi. Anza na mbio, panda kilima cha Bugando asubuhi ukiweza kuongea ukifika juu ndo njoo tuongee. Tafuta kocha, sio YouTube. Na ukipigwa kichwani ukaona giza usirudi ulingoni wiki hiyo hata kama washkaji wanacheka.

Ijumaa hii unaweka ipi?

Lyle, 1976, yote bila kukata. Kiingilio mia tano, saa mbili kamili usiku, jenereta nimetia mafuta safari hii. Wazee wa Mwaloni benchi la mbele ni lenu, ila ubishi wa upara tuuache mlangoni.